Mkono Ukafuata

Kijana mmoja aliyeapishwa uwakili hivi majuzi alinijia nyumbani, akanywa chai yangu, akala mkate wangu wa kumimina, kisha akaniuliza: "Mzee, kwa elimu ile uliyokuwa nayo, mbona umri wako wote umeupoteza kwa vilema?" Nilimwambia amalize chai yake aende zake. Nyinyi mawakili vijana wengine, ambao bado hamjaniudhi, nitakujibuni kwa urefu.

Sikupoteza kitu. Nilisimama mahkamani kwa ajili ya hamali aliyepondwa vidole na gunia la karafuu, kwa ajili ya abiria wa gari la shamba ambalo dereva wake alimwambia mwenye gari kuwa breki hazishiki akajibiwa aende hivyo hivyo, kwa ajili ya mpishi aliyeunguzwa na jiko lililokuwa limeshapasuka na bwana wake analijua. Nilishindwa mara nyingi. Niliposhinda, walikuwapo watu wakubwa wa mji huu walioacha kuniitikia salamu. Mimi nikaendelea kuwasalimu, tena kwa sauti kubwa zaidi, maana salamu ni yangu na njia haikuwa ya baba yao.

Miaka hiyo ya hamsini kazi hii haikuwa na jina. Mawakili wa maana walishughulika na mirathi, mashamba na majumba ya Mji Mkongwe. Mtu akivunjika mguu alipelekwa kwa fundi wa kuunga mifupa, akasomewa dua, akaambiwa ashukuru kuwa hakufa. Akitaja wakili, watu walimuuliza: "Kwani unamshitaki Mungu?" Swali hilo na nyinyi mtalisikia, na mara nyingi mtalisikia kutoka kwa yule yule aliyemvunja mtu mguu. Msilibabaikie. Mungu hajawahi kuja mahkamani kulalamika kuwa nimemshitaki.

Mwalimu wangu alikuwa Bwana Kersi, wakili Mhindi wa Kiparsi aliyezaliwa hapa hapa Unguja, mwenye ofisi juu ya ngazi ndefu mtaani Kiponda. Alikuwa mrefu, mkavu, kofia nyeusi haimtoki kichwani, na Kiswahili chake kilikuwa cha mtu aliyelelewa na yaya wa mtaa wa Malindi. Ungemsikia nyuma ya pazia usingejua kuwa si Mswahili. Mimi ni mtoto wa fundi cherehani wa Mlandege. Mjomba wangu ndiye aliyenisomesha sheria Bombay, na niliporudi hapakuwa na mtu aliyenipa kiti na meza ila Kersi.

Alinifundisha mengi kwa ukali na machache kwa upole. "Nassor," alikuwa akiniambia, "sheria utaikuta ofisini ukirudi, haina miguu. Kwanza nenda kaone mahali mtu alipoumia." Hilo nimelishika mpaka leo. Jengine alilonifundisha ni kuwa shahidi haulizwi jambo ambalo wakili mwenyewe halijui jibu lake. Hilo nililivunja mara moja tu, na nitakuambieni lini.

Kesi yangu ya mwanzo ilikuwa ya hamali mmoja wa bandarini, Vuai, mtu wa Tumbatu, aliyevunjwa mguu na mkokoteni wa tajiri mmoja. Nilimwambia aje mahkamani nadhifu. Naye akautia ushauri wangu chumvi. Aliazima suti kwa binamu yake na viatu kwa rafiki yake mwenye mguu mdogo. Kiatu kimoja kikamkaza vibaya, na Vuai akaingia mahkamani anachechemea kwa mguu ambao haukuvunjika.

Wakili wa upande wa pili hakuhitaji vitabu. "Mguu uliovunjika ni upi?" akamuuliza.

"Wa kulia, Bwana."

"Na huo unaochechemea?"

Vuai akaitazama miguu yake kama mtu anayetafuta ushauri. "Wa kushoto. Lakini huu ni wa kiatu."

Mahkama nzima ikacheka, Jaji akacheka, na kesi ikenda na kicheko hicho. Kersi alipopata habari alicheka hata akavua miwani kufuta machozi. Kisha akaacha kucheka akaniambia: "Mteja aje na nguo zake mwenyewe, na maneno yake mwenyewe. Ukimvalisha yako, yatambana."

Sasa nikufikishieni kwa Bi Mize, maana yeye ndiye aliyenifanya nilivyo.

Alifika ofisini Kiponda asubuhi moja pamoja na kaka yake, Pandu. Wote wawili wenyeji wa Fumba, lakini Pandu alikuwa amejenga Kiembe Samaki, na Bi Mize alipofiwa na mumewe alihamia kwa kaka yake pamoja na watoto wake, akatafuta kazi mjini katika kiwanda cha mafuta ya nazi. Jina la kiwanda silitaji. Mwenyewe ameshakufa, ana wajukuu, na wajukuu hawakumkata mtu mkono.

Pandu ndiye aliyetangulia kusema. "Shikamoo, Bwana wakili," akaniambia, ingawa alinizidi umri. Mtu mwenye tai shingoni alionekana mzee. Sikuiitika shikamoo yake, nikampa mimi shikamoo, akacheka kidogo kwa haya. "Dada yangu kaumia kiwandani. Tajiri ni mtu mwema, kasema atatusaidia, bora tu maneno yasiwe mengi. Tunataka utuandikie karatasi ya kukubali."

"Yeye kaja kwa hilo," mwanamke akasema. "Mie sikuja kwa hilo."

Akafunua buibui. Mkono wa kulia uliishia chini kidogo ya kiwiko. Kovu lilikuwa bado jekundu.

Akanieleza kazi yake. Alikuwa akibeba mbata, zile nazi zilizokaushwa, kwa pakacha, anazimimina katika mdomo wa mashine yenye magogo ya chuma yenye meno, ambayo huzivunjavunja kabla hazijakamuliwa. Zamani mdomo ule ulikuwa na kifuniko cha ubao kilichoacha upenyo wa kupitisha mbata tu. Siku moja alifika kazini akakuta kifuniko hakipo. Alipouliza akaambiwa kuwa kilikuwa kinachelewesha kazi.

"Nnataka waseme hivyo mbele ya watu," akasema.

"Bi Mize, mahkama haitakurudishia mkono."

"Nani kakwambia nnakuja kuutafuta? Kilichopatikana nshakizika, kiko Fumba karibu na kaburi la mume wangu. Mie nnataka waseme."

Pandu akainamisha kichwa. Niliona wazi kuwa maneno hayo walikuwa wameshayazungumza nyumbani na hawakuafikiana.

Niliingia chumbani kwa Kersi kumweleza. Alinisikiliza mpaka nilipotaja kiwanda, akainuka akafunga mlango.

"Tajiri huyo ni mteja wangu," akasema. "Na baba yake alikuwa mteja wangu. Mwambie huyo mama atafute wakili mwengine."

"Nani atakayemchukua? Mji mzima unamuogopa huyo bwana."

"Hilo si langu wala si lako. Ndiyo kanuni ya kazi."

Alikuwa anasema kweli, kanuni ilikuwa hiyo, na ni nzuri. Nikamwambia basi mimi si wa ofisi ile tena, ili mama yule apate huyo wakili mwengine. Kersi akaufungua mlango aliokuwa ameufunga. "Ukitoka humu, Nassor, utanikuta mbele yako mahkamani, na sitakuonea huruma."

"Nikikukuta nitakusalimu," nikamjibu. Nilichukua koti langu. Vitabu vyote vilikuwa vyake.

Nikakodi chumba Mlandege, juu ya duka la kanga. Haukupita muda mwenye nyumba akanijia, mtu mzima, anajifuta jasho, akasema chumba anakihitaji kwa ajili ya mkwewe. Nilimuuliza huyo mkwewe anatoka wapi. Akasema, "Bwana Nassor, usinilazimishe kusema uongo zaidi." Nilimuonea huruma. Alikuwa ananunua mafuta yake ya taa na sabuni zake kwa watu wa tajiri.

Meza yangu nikaihamishia barazani kwa mama. Wateja wangu wakawa wanakaa pamoja na wanywa kahawa wa mtaani. Mama akasema, "Sasa siri za watu zitajadiliwa na Mlandege nzima." Nikamwambia watu wangu hawana siri, walivunjwa mchana kweupe. Na kwa kweli baraza ile ilinifaa kuliko ofisi. Watu waliokuwa wakiogopa kupanda ngazi za wakili walijipitia tu, wakasimama, wakatoa salamu, na kabla kahawa haijapoa walikuwa wameshanionesha vidonda vyao.

Kiwandani nilikwenda mwenyewe. Nilivaa suti nyeupe, nikaingia mlangoni kama mtu mwenye shughuli. Hapakuwa na aliyenizuia, maana miaka ile suti ilikuwa ruhusa. Niliiona mashine. Mdomo uko wazi, na pembezoni mwake yapo matundu ya parafujo yaliyoachwa tupu. Kandokando, msimamizi wa kiwanda alikuwa amekaa juu ya ubao uliowekwa juu ya matofali, anakunywa kahawa. Nikamwambia salaam alaikum, nikaketi karibu naye. Tukazungumza habari za mvua. Huku tunazungumza, nikapitisha kidole ukingoni mwa ubao, nikagusa matundu ya parafujo, yamepangana kama yale ya kwenye mashine. Nilitoka pale na mafuta ya nazi kwenye suruali, na mama hakuyaweza kwa sabuni yoyote. Kila alipoifua alikitukana kiwanda.

Hata leo, mnapokuwa na picha na wataalamu na ripoti, nakusihini: nendeni mkakae pale walipokaa watu. Suruali itapotea. Ipotee.

Siku ya kesi ilipofika, Mahkama Kuu ilijaa. Waliojaa wengi wao walikuwa watu wa tajiri, waliokaa safu za mbele, kanzu zimepigwa pasi. Nyuma walisimama wanawake wanaofanya kazi kiwandani, wamejifunika nyuso. Hakuna hata mmoja aliyekubali kutoa ushahidi, na sikuwalaumu. Lakini walikuja.

Jaji alikuwa Mwingereza, mtu wa makamo, asiyejua Kiswahili ila cha kuagizia chai. Kila neno la shahidi lilipita kwa mkalimani wa mahkama, bwana mmoja wa heshima, mwenye kanzu na koti na tarabushi, ambaye Kiingereza chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Kumbukeni kuwa hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu anayependa sentensi zake zitoke zimenyooka.

Kersi alikuwa mbele yangu, kama alivyoniahidi. Nilimsalimu, kama nilivyomuahidi. Utetezi wake aliueleza kwa maneno machache. Kiwanda hakikumkata mtu. Kanga ya mama huyu ilinaswa na mashine, naye, badala ya kuiachia, akaupeleka mkono wake mwenyewe ndani ili aikomboe kanga. Mtu mzima anayetia mkono katika meno ya chuma kwa ajili ya kitambaa amejiumiza mwenyewe.

Nikamsimamisha Bi Mize. Alivaa buibui lake la kila siku. Nikamuuliza ilikuwaje.

"Nilikuwa nnamimina mbata," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini haikutetemeka. "Pakacha lilikuwa zito, nikainama. Kanga ikaingia, mkono ukafuata."

Mkalimani akalifasiri. Na katika Kiingereza chake kile kilichonyooka, akasema kuwa kanga iliingia katika mashine, na yeye akaifuata kwa mkono wake.

Nilimuona Jaji akiinamia karatasi na kuandika. Ndugu zangu, mnaelewa? Sisi tukisema mkono ukafuata, hakuna mtu Unguja nzima atakayefahamu kuwa mwenye mkono alikusudia. Mkono ulikwenda kwa kuwa ulivutwa. Lakini kwa namna alivyoifasiri bwana yule, Bi Mize alikuwa amekiri mwenyewe, kwa mdomo wake, maneno yale yale aliyoyadai Kersi. Na Bi Mize hajui. Alikuwa ananitazama akingoja swali linalofuata.

Nikainuka nikasema ufasiri haukuwa sahihi.

Jaji akaniambia, bila ya kuinua uso, kuwa mkalimani ameapishwa na mahkama na mimi sikuapishwa kwa kazi hiyo. Nikasema naam, lakini shahidi hakusema hivyo. Akaniambia nikae. Sikukaa.

"Bwana wakili," Jaji akasema, sasa ameinua uso, "nimekuamuru ukae."

"Mheshimiwa, nikikaa sasa sitakuwa na sababu ya kusimama tena. Kesi yote ni neno hilo moja. Shahidi huyu kasema mkono wake ulikwenda. Mahkama imeandika kuwa aliupeleka."

"Unajua kuwa naweza kukufunga kwa kuidharau mahkama?"

"Najua."

Nilijua kuwa nikifungwa, mama atakunja meza barazani, na mlalamikaji wangu atarudi Kiembe Samaki hana wakili. Lakini nilijua vilevile kuwa nikikaa, ameshashindwa tayari. Askari wa mahkama akasogea. Mkalimani akajifuta paji la uso, amekasirika, maana nilikuwa nimemvunjia heshima mbele ya watu. Nyuma, mwanamke mmoja akasema kwa nguvu, "Kasema kweli!" akaambiwa anyamaze.

Jaji akavua miwani. Akamgeukia Kersi. "Wewe umezaliwa hapa," akasema. "Unakijua Kiswahili. Umemsikia shahidi?"

"Nimemsikia, Mheshimiwa."

"Alisema nini?"

Kersi akainuka polepole. Tajiri alikuwa amekaa nyuma yake, karibu kiasi cha kumgusa bega. Yule alikuwa mteja wake tokea baba yake. Kersi angeweza kusema kuwa maneno yale yana maana mbili. Angeweza kusema kuwa si kazi yake, amuulize mkalimani. Yote hayo yangepita, na hakuna ambaye angemlaumu.

"Alisema kuwa mkono ulivutwa," Kersi akasema. "Kiswahili hakikumlazimisha kulitaja neno hilo. Mkono ukifuata kitu namna ile, Mheshimiwa, mwenyewe hakuuamuru. Mwenzangu anasema kweli."

Akakaa. Tajiri akainuka akatoka nje, na watu wake wa safu za mbele wakatazamana, wasijue wamfuate au wabaki.

Jaji akaikata sentensi aliyokuwa ameiandika, akaandika nyengine. Kisha akaniambia, kwa sauti ya mtu aliyeona uchungu kusema, "Endelea, Bwana wakili."

Hapo ndipo nilipoivunja ile kanuni nyengine ya Kersi. Nilikuwa nimekusudia kumuuliza Bi Mize habari za kazi, kuwa hawezi tena kukuna nazi wala kusuka ukili. Majibu hayo yote nilikuwa nayajua. Lakini nilipomtazama, amesimama pale na mkono wake wa kushoto umeshika ukingo wa kizimba, likanijia swali ambalo sikuwahi kumuuliza, na likanitoka.

"Bi Mize, unakula vipi?"

Akainamia ukingo wa kizimba. Nikadhani nimemuharibia.

"Peke yangu," akasema mwisho. "Siwezi kutia mkono wa kushoto katika sinia la watu. Wakikaa kula, mie huchukua changu nikageukia ukutani. Watoto wangu nimewaambia nnapenda hivyo."

Mkalimani alifasiri kila neno. Alipomaliza akaongeza, bila ya kuombwa na mtu, kumueleza Jaji kuwa kwetu sisi Waislamu mkono wa kulia ndio wa kulia chakula, na wa kushoto una kazi zake nyengine, na kuwa mtu mzima kula peke yake ameuelekea ukuta si jambo dogo. Haikuwa kazi yake kusema hayo. Hakuna aliyempinga, wala mimi, wala Kersi.

"Sina swali kwa shahidi huyu," Kersi akasema.

Tulipotoka ukumbini nilimkuta Pandu amesimama ukutani, amejishika kichwa. "Nyumbani kwangu," akaniambia. "Nyumba yangu mwenyewe, Bwana. Mie nnakaa na sinia na wanangu, na dada yangu kageukia ukuta, na sikuliona." Tokea siku ile hakuyataja tena maneno ya kukubali msaada. Na nilisikia baadaye kuwa jioni ile ile alimwambia mkewe apakue chakula cha Bi Mize katika sahani na kijiko, na yeye Pandu akachukua sahani na kijiko vilevile, akakaa naye. Watoto walicheka, wakadhani baba amekuwa Mzungu.

Msimamizi wa kiwanda alitoa ushahidi siku iliyofuata. Alisema kiwanda hakikukiondoa kifuniko, na kuwa wafanyakazi ndio waliokiondoa kwa ukaidi wao. Nikamuuliza akinywa kahawa hukaa juu ya nini. Akasema juu ya ubao. Nikamuuliza ubao huo una matundu ya parafujo? Akasema hajapata kuuangalia. Nikamuuliza kama ananikumbuka. Alinikodolea macho, na nikaona hasa pale alipoikumbuka suti nyeupe na habari za mvua. Jaji akaamuru ubao uletwe, ukaletwa, una alama za vikombe vya kahawa upande mmoja na meno ya mashine upande wa pili. Wanawake waliokuwa nyuma hawakuweza kujizuia, wakapiga vigelegele, na Jaji akawatoa nje wote. Walitoka wakicheka.

Jaji alichukua muda kabla ya kusoma hukumu. Alipoisoma, aliisoma kwa Kiingereza, na Bi Mize alisikiliza kama aliyekuwa anafahamu. Mkalimani akafasiri kuwa mahkama imeona kiwanda ndicho chenye kosa, kwa kukiondoa kifuniko kwa makusudi, na kuwa mlalamikaji hakuchangia chochote katika kuumia kwake.

Bi Mize akaniinamia. "Kasema?"

"Kasema."

"Kwa sauti?"

"Kwa sauti. Na imeandikwa."

"Basi," akasema, akajitanda buibui lake.

Nilikwenda Kiponda kumshukuru Kersi. Tajiri alikuwa ameshamnyang'anya kazi zake zote, na wengine wawili watatu wamemfuata. Nilimkuta amekaa, kofia kichwani, anasoma. Nilipoanza kusema asante alinyoosha mkono kunizuia.

"Usinishukuru," akasema. "Laiti angesema 'nikautia mkono', ningekuacha uchi mbele ya Jaji, na wala nisingekosa usingizi. Niliulizwa alisema nini, nikasema. Ulitaka nini, nimkate mimi ulimi baada ya wao kumkata mkono?" Akarudi kwenye kitabu chake. Nilipofika mlangoni akaongeza: "Na lile swali la kula. Nani aliyekufundisha upumbavu ule?"

"Hapana aliyenifundisha."

"Kama ningeliuliza mimi, ningejisifu mpaka kufa," akasema, bila ya kunitazama.

Baada ya hapo baraza ya mama haikupata kuwa tupu. Viwanda vilianza kufunika mashine zao, si kwa huruma, nakuambieni, ila kwa kuogopa kusimamishwa mahkamani na mwanamke wa Fumba. Wapo walioniambia nimewafanya maskini kuwa wakaidi. Nikawaambia inshallah. Nanyi mkiambiwa hivyo, jibuni hivyo hivyo, na msishushe sauti.

Fidia ilipotolewa, tajiri alimtuma karani wake barazani kwa mama kuikabidhi. Bi Mize alikuwapo, na Pandu, na wanywa kahawa wote wa mtaa. Karani akatandaza karatasi mezani, na kidau cha wino. Nikamsomea Bi Mize kilichoandikwa. Kilisema kuwa yeye, mjane wa Fumba, anapokea fedha zile kwa ihsani ya bwana mwenye kiwanda.

"Ihsani?" akauliza.

"Ni neno tu, mama," karani akasema. "Maneno ya karatasi."

"Kama ni neno tu, liondoe," Pandu akasema.

Karani akanitazama mimi, kama kwamba watu wawili wenye elimu wanaweza kuelewana juu ya vichwa vya wengine. Nikaendelea kunywa kahawa yangu. Akamtazama Bi Mize, naye hakugeuza uso. Mwisho akachukua kalamu, akalipiga mstari neno ihsani, na juu yake akaandika: kwa amri ya mahkama. Nikamsomea tena Bi Mize. Akatikisa kichwa kukubali.

Karani, jasho linamtoka, akausogeza wino mbele. "Haya, mama," akasema kwa mazoea, bila ya kufikiri, "kidole gumba cha kulia."

"Cha kulia kimebaki kwenu," Bi Mize akasema, akachovya cha kushoto.